Ndugu Albert wa Kraków: mchoraji aliyehamia kwa wasio na pa kulala



Vijana wenzangu, leo nawaletea mtakatifu ambaye pengine hujawahi kumsikia kwenye mahubiri. Mimi mwenyewe nimemfahamu mwaka jana tu, na nilimfahamu nikiwa na kosa langu mkononi. Kwa hiyo acha nianze na kosa, halafu twende kwa mtakatifu.

Nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji, katika parokia moja ya mjini. Wanaojua watanielewa: frateri wa mwaka wa uchungaji anafanya kila kitu. Katekesi ni wewe, watumishi wa altareni ni wewe, kwaya ikigombana unaitwa wewe, na funguo za kanisa unazo wewe. Basi kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa analala kwenye baraza la kanisa, upande wa sakristia, palipo na paa. Alikuwa anakuja usiku taa zikishazimwa na kuondoka alfajiri kabla ya Misa ya kwanza. Mvua zilipoanza akawa anachelewa kuamka. Maboksi yake yakawa yanabaki pale, na waamini wawili watatu wakalalamika juu ya harufu.

Paroko hakunituma. Nilijituma mwenyewe. Asubuhi moja nikamfuata, nikamwamkia vizuri kabisa, nikampa shilingi elfu mbili, nikamweleza kwa upole kwamba pale si mahali pa kulala. Akapokea, akashukuru. Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote, sasa aende wapi.

Sikuwa na jibu. Mimi mwenye shahada ya falsafa, niliyewahi kuandika kazi nzima juu ya hadhi ya binadamu na kupata alama nzuri tu, nilishindwa na swali la mzee aliyetaka kujua usiku ule atalala wapi. Nikamwambia Mungu atamsaidia. Usiku ule hakurudi, wala uliofuata.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimerudi seminarini, natafuta mtakatifu wa kuongelea kwenye tafakari ya jioni. Ndipo nikakutana na Ndugu Albert. Nilisoma hadi kengele ya kulala ikapita. Kwa sababu yeye swali la yule mzee aliulizwa pia, na watu wengi mno, lakini hakuwaambia Mungu atawasaidia halafu akaenda zake.

YATIMA, ASKARI, MTU WA MGUU MMOJA

Jina lake la kuzaliwa ni Adam Chmielowski. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1845 katika kijiji cha Igołomia, karibu na mji wa Kraków. Leo hapo ni Polandi, lakini wakati ule ukifungua ramani ya Ulaya usingeiona nchi ya jina hilo. Majirani watatu wenye nguvu, yaani Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wameigawana tangu mwishoni mwa karne ya 18. Igołomia iliangukia upande wa Urusi.

Adam alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake alifariki mwaka 1853, mama yake mwaka 1859. Akiwa na miaka 14 tu alikuwa yatima wa baba na mama, na ndugu ndio waliomlea.

Mwaka 1863 Wapolandi wa upande wa Urusi waliasi dhidi ya utawala wa mfalme wa Urusi. Adam alikuwa mwanafunzi wa kilimo na misitu katika mji wa Puławy, kijana wa miaka 17 hivi. Akaacha shule, akaenda porini kupigana. Tarehe 30 Septemba mwaka huo, katika mapigano ya Mełchów, alijeruhiwa vibaya mguu wa kushoto. Wakaukata bila dawa ya ganzi. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18. Baada ya hapo akatoroshwa, akafika Paris kama mkimbizi, na huko akapata mguu wa bandia. Maisha yake yote yaliyobaki, kila hatua utakayoisoma hapa chini, aliitembea na mguu huo.

Naliweka hili mapema kwa sababu tunapenda kufikiri kwamba anayewahudumia maskini ni mtu mzima, mwenye afya, mwenye ziada. Adam alikuwa amekwishapoteza wazazi, nchi na mguu kabla ya kufikisha miaka 20.

MCHORAJI ALIYETAFUTA USO MMOJA

Serikali ya Urusi ilipotoa msamaha aliweza kurudi Warszawa. Baadaye akaenda Ubelgiji kusomea uhandisi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye rangi na brashi. Akaishia Munich, Ujerumani, katika Chuo cha Sanaa. Huko aliishi na vijana wa Kipolandi ambao leo wanatajwa kati ya wachoraji wakubwa wa taifa lao: Józef Chełmoński, Maksymilian Gierymski, Stanisław Witkiewicz. Walikuwa marafiki wa kweli, na walimheshimu. Adam alikuwa mcheshi, mwenye akili, mtu wa kuongea naye usiku kucha. Picha zake zikaanza kujulikana. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri, bana.

Lakini kulikuwa na swali lililokuwa linamsumbua: sanaa hii ni ya nini, na ya nani? Ukichora ili usifiwe, si unajiabudu mwenyewe? Mwaka 1879 alianza kuchora picha ya Yesu baada ya kupigwa mijeledi, amevikwa joho jekundu na taji la miiba, pale Pilato alipomtoa nje ili watu wamwone. Picha hiyo inaitwa Ecce Homo. Ukiitafuta mtandaoni utaona uso wa mtu aliyechoka kabisa na ambaye hamlaumu mtu. Aliishika kwa miaka mingi, anaiacha, anairudia. Hakuwahi kuiona imekamilika vile alivyotaka.

ALIPOVUNJIKA

Tarehe 24 Septemba 1880 Adam aliingia unovisi wa Wajesuiti huko Stara Wieś. Alikuwa na miaka 35. Marafiki zake walishangaa. Yeye aliona hatimaye amepata njia.

Haikuchukua hata mwaka. Baada ya miezi michache alianza kuugua rohoni na akilini. Aliamini kwamba amehukumiwa, kwamba dhambi zake hazisameheki. Alinyamaza, akawa hali vizuri, halali vizuri. Aprili 1881 alitoka unovisini, akapelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Kulparków, karibu na mji wa Lwów, ambao leo uko Ukraina. Alikaa huko hadi mwanzoni mwa mwaka 1882. Kisha mdogo wake Stanisław akamchukua, akaishi naye shambani kwake Kudryńce.

Naomba tusimame hapa kidogo. Mtakatifu huyu aliacha malezi. Mtakatifu huyu alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kwetu, mtu akitoka seminarini au utawani tunanong'ona, na mtu akiugua kwa namna hiyo tunatafuta nani kamroga, au tunamwambia imani yake ni ndogo. Kama wewe unayesoma uko katika giza la namna hiyo sasa hivi, hujatupwa. Tafuta padre, na tafuta daktari pia. Adam alihitaji hospitali, alihitaji ndugu aliyempokea nyumbani bila masharti, na alihitaji habari ya huruma ya Mungu.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya kiangazi mwaka 1882 padre alimtembelea Stanisław, wakawa wanaongea juu ya huruma ya Mungu, na Adam akawa anasikiliza kutoka chumba cha pili. Kisha akaenda kuungama. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: anaongea, anacheka, anaomba rangi zake. Muda si mrefu akapata kitabu cha kanuni ya Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ile njia ya walei wanaotaka kuishi kifransisko katika hali yao ya kila siku. Akawa anazunguka vijijini kuwaeleza watu juu yake, huku akirekebisha picha kuukuu za makanisani.

Mimi naona kilichofuata kilitoka hapo. Baadaye alipokaa na watu walioitwa takataka na jamii, hakuwa mgeni kwao. Alijua ladha ya kujiona umetupwa.

CHUMBA CHENYE JIKO LA MOTO

Mwaka 1884 Adam alihamia Kraków, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Austria. Baridi ya kule si hii yetu ya Njombe mwezi wa saba. Ni baridi inayogandisha mto. Mtu asiye na paa anaweza kulala barabarani na asubuhi akakutwa amekufa. Kwa hiyo halmashauri ya mji ilikuwa na nyumba ya kuotea moto katika mtaa wa Kazimierz, barabara ya Skawińska. Maskini waliruhusiwa kuingia usiku, wasigande.

Basi, ni hayo tu. Kulikuwa na joto na kuta. Humo ndani watu walijazana sakafuni, wazima na wagonjwa, walevi, wezi, wazee, vijana waliofukuzwa kazi. Chawa, uchafu, ugomvi. Asubuhi wote nje.

Adam alifika pale usiku mmoja na kile alichokiona kilimkamata. Mwanzoni alifanya ambacho mimi na wewe tungefanya: alipeleka misaada. Aliuza picha zake, akanunua chakula na nguo, akapeleka. Kisha akaanza kuwaleta baadhi yao nyumbani kwake, kwenye chumba chake cha kuchorea, wakalala humo kati ya turubai na makopo ya rangi. Wapenda sanaa walipopita kutazama picha, walikutana na ombaomba.

Lakini kadiri alivyotoa, ndivyo alivyoona kwamba kutoa peke yake kunamwacha mtu palepale. Unaleta mkate, unaondoka, mlango unafungwa, na yule mtu anabaki na usiku wake. Kuna umbali ambao msaada hauwezi kuuvuka kama mtoaji hajauvuka kwa miguu yake. Akafikia uamuzi ambao marafiki zake waliuona ni wazimu wa pili: kuwasaidia watu wale maana yake ni kuhamia kwao.

Tarehe 25 Agosti 1887 alivaa kanzu nzito ya rangi ya kijivu na kuchukua jina la Ndugu Albert. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, aliweka nadhiri mbele ya Askofu wa Kraków, Albin Dunajewski. Na tarehe 1 Novemba 1888, sikukuu ya Watakatifu Wote, yeye na wenzake wachache walichukua uangalizi wa ile nyumba ya wanaume kwa makubaliano na halmashauri ya mji. Wakaingia. Wakaishi humo.

Mchoraji aliyekuwa anajulikana hadi Warszawa sasa anapasua kuni na kupika supu kwa watu ambao usiku wa kwanza hawakumtaka hata kumwona.

JINSI NYUMBA ILIVYOBADILIKA

Hapa nataka tuangalie kwa makini, maana tunapenda kusema juu ya upendo bila kueleza unafanyaje kazi saa mbili asubuhi.

Kwanza, mlango. Ndugu Albert hakutaka mtu aulizwe dini yake, taifa lake wala alikotoka ndipo apewe nafasi. Mwenye njaa apewe chakula, asiye na mahali apewe mahali, aliye uchi avishwe. Mkatoliki, Myahudi, asiye na dini, mtu aliyetoka jela jana, wote waliingia kwa mlango mmoja. Hakuruhusu mtu alipe kitanda kwa kusali.

Pili, kazi. Mtu mwenye nguvu hakuachwa akae siku nzima akiitazama dari. Nyumba zikawa na karakana. Mojawapo ilitengeneza viti na samani za mbao zilizokunjwa kwa mvuke, mtindo uliokuwa unapendwa sana Ulaya wakati ule. Aliyezoea kupewa akawa anatengeneza kitu, na kitu chake kinauzwa na kukaliwa na watu. Wazee na wagonjwa hawakulazimishwa. Wao walitunzwa.

Tatu, mali. Ndugu Albert hakutaka shirika lake liwe mwenye nyumba. Majengo yalibaki ya mji au ya wafadhili, na ndugu wakakaa humo kama maskini wengine, chakula kilekile, vitanda vilevile. Pesa zilipopungua walienda sokoni na mkokoteni kuomba. Yeye mwenyewe alienda, na mguu wake wa bandia, akipokea viazi na kabichi kutoka kwa akina mama wauza mboga.

Nne, wanawake. Aliona kwamba wanaume hawawezi kuhudumia makazi ya wanawake vizuri, na hali ya wanawake wasio na makao ilikuwa mbaya zaidi. Januari 1891 likaanza tawi la masista. Kiongozi wao tangu mwaka 1902 alikuwa Bernardyna Jabłońska, binti aliyekuwa na miaka 24 hivi alipopewa mzigo huo. Naye leo ni Mwenye Heri. Dada zangu mnaosoma, mnasikia? Miaka 24.

Tano, na hili lilinishangaza, pumziko. Katika milima ya Zakopane alijenga nyumba ndogo za upweke ambako ndugu na masista walipanda kwa zamu kusali na kunyamaza. Aliyewahi kuvunjika alijua kwamba anayebeba maumivu ya wengine kila siku bila kupumzika naye atavunjika. Waliorudi kutoka mlimani walirudi na nguvu ya kuosha vidonda tena.

Kutoka chumba kimoja cha kuotea moto zikaota nyumba nyingine: za wanaume, za wanawake, za yatima, za wazee, za wagonjwa wasiopona, na majiko ya kuwalisha maskini. Kabla hajafa zilikuwa zimefikia 20 hivi, katika miji kama Kraków, Lwów na Tarnów.

Fundisho lake ambalo watu wa Polandi wanalikumbuka hadi leo linahusu mkate. Alifundisha kwamba mtu awe mwema kama mkate uliowekwa mezani kwa ajili ya wote, ambao yeyote mwenye njaa anaweza kujikatia kipande. Fikiria hilo. Mkate hauchagui nani aukate, na hauwezi kulisha mtu kwa mbali.

KIFO SIKU YA NOELI

Miaka ya mwisho Ndugu Albert aliugua saratani ya tumbo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na wenye njaa waliongezeka. Alifariki tarehe 25 Desemba 1916, siku ya Noeli, huko Kraków. Alikuwa na miaka 71. Hakufia hospitalini wala katika nyumba ya jamaa. Alifia katika makazi ya maskini, mahali alipokuwa ameishi.

Kila Noeli tunaimba juu ya familia iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Ndugu Albert alizaliwa mbinguni siku hiyohiyo, baada ya kutumia miaka 28 kuhakikisha kwamba Kraków kuna nafasi. Sina la kuongeza hapo.

Ile picha ya Ecce Homo hakubaki nayo. Alimpa Askofu Mkuu Andrzej Szeptycki wa Lwów, aliyeipenda alipoiona. Leo iko Kraków, katika kanisa la masista wake. Wengi husema kwamba uso aliokuwa anautafuta kwenye turubai aliupata kwenye ile nyumba ya Skawińska. Mimi nakubaliana nao.

UKOO WAKE UNATUFIKIA

Kulikuwa na kijana mmoja huko huko Polandi, mwigizaji na mtunzi, aliyekuwa anajiuliza kama aache jukwaa kwa ajili ya upadre. Maisha ya Ndugu Albert, aliyeacha sanaa kwa ajili ya Mungu na maskini, yalimsaidia. Akamwandikia hata mchezo wa kuigiza. Kijana huyo aliitwa Karol Wojtyła. Ndiyo, ni Yohane Paulo wa Pili. Yeye ndiye aliyemtangaza Ndugu Albert Mwenye Heri huko Kraków tarehe 22 Juni 1983, na Mtakatifu mjini Roma tarehe 12 Novemba 1989. Mwaka uliofuata, Septemba 1990, akatua hapa Tanzania. Wazazi wetu wengi walimwona kwa macho.

Na kuna kiungo kingine kilicho karibu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Urusi ya Kisovieti walipitia Uajemi na kuletwa Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea watu 5,000 hivi, na makaburi yao yapo pale hadi leo. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, na Masindi kule Uganda. Watu wa taifa la Ndugu Albert waliwahi kukosa makazi kabisa, na ardhi yetu ikawa baraza lao. Ukipita Tengeru, simama usali.

NIRUDI KWENYE BARAZA LANGU

Likizo iliyopita nilirudi kwenye ule mji. Nilikwenda kumtafuta yule mzee. Nilianza kwa mlinzi wa parokia, mtu ambaye mwaka mzima nilikuwa namwona kama mtu wa kusinzia tu kwenye kiti chake. Nikamuuliza kama anamkumbuka mzee wa baraza.

Akamtaja kwa jina.

Alijua jina lake, alijua wilaya aliyotoka, alijua kwamba mke wake amefariki na kwamba alikuja mjini kutafuta mtoto ambaye hakumpata. Alijua yote hayo kwa sababu kila usiku, mimi nikishafunga milango na kwenda kusali Sala ya Usiku, yeye alikuwa anamimina chai ya kwenye chupa yake katika vikombe viwili. Mimi niliyekuwa na funguo sikuwahi kuuliza hata jina. Jina hilo sitaliandika hapa, ni lake.

Mlinzi alisikia kwamba mzee anaonekana stendi. Nilikwenda mara mbili. Sikumpata. Nimeambiwa niendelee kujaribu, na nitajaribu.

Vijana wapendwa, sisemi kila mmoja wetu akalale stendi leo usiku. Ndugu Albert mwenyewe alipita hatua kwa hatua: alileta mkate, akaleta watu nyumbani, ndipo akahamia. Ila hatua ya kwanza hatuwezi kuiruka. Nawapa mambo matatu, nami nimejiwekea hayohayo.

La kwanza, jina. Yule mama anayelala mbele ya duka, yule kijana wa mataa, uliza jina lake na umtajie lako. Shikamoo bila jina ni salamu, lakini bado haijawa jirani.

La pili, jua pa kumpeleka mtu kabla hujaulizwa. Mimi niliulizwa aende wapi nikabaki nimeduwaa, kumbe halmashauri ina ofisi ya ustawi wa jamii, parokia ina Caritas na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na Masista Wamisionari wa Upendo wa Mama Teresa wapo nchini tangu mwaka 1968, walipoanza Tabora. Kikundi chenu cha VIWAWA au TYCS kifanye kazi hii wiki moja tu: ulizeni, tembeleeni, andikeni nani anapokea nani, saa ngapi, kwa utaratibu gani. Bandikeni karatasi hiyo sakristia na kwa mlinzi. Huko Polandi walei walifanya hivyo kwa ukubwa wake: mwaka 1981, mjini Wrocław, walianzisha chama cha msaada chenye jina la Ndugu Albert, na hadi leo kina makazi ya watu wasio na makao.

La tatu, kaa. Mara moja kwa mwezi, badala ya kupeleka sabuni na sukari, kupiga picha na kuondoka, bakini mle chakula kilekile mlichopeleka, mezani na waliopelekewa. Saa moja tu. Utaona ilivyo ngumu, na utaelewa kwa nini huyu mtu ni mtakatifu.

Sikukuu yake ni tarehe 17 Juni. Wekeni alama kwenye kalenda.

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Ni mtu gani ninampita kila siku na sijui jina lake?
2. Ni lini nilitoa ili mtu aondoke, si ili akae?
3. Katika parokia yangu, nani ndiye yule mlinzi mwenye vikombe viwili, na je, nimewahi kumshukuru?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyekosa nafasi siku ya kuzaliwa kwako, ulimpa Ndugu Albert neema ya kuutambua uso wako katika watu waliotupwa. Utusamehe sisi tuliokuamsha alfajiri na kukuondoa barazani. Umlinde mzee wetu popote alipolala leo. Utupe moyo wa mkate, ulio karibu na mkono wa kila mwenye njaa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Ndugu Albert, utuombee.

Frateri wenu katika Kristo.